Mizani ya Andalio la Juma

Mtu apewaye daftari la maandalio la mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, akatakiwa alipime, aghalabu huanzia juu, penye jina la shule, kidato, mkondo na tarehe, akashuka taratibu hadi kwenye malengo, zana na rejea, na akisha kuhakikisha kwamba hakuna kisanduku kilichoachwa kitupu, hutia sahihi yake na mhuri. Kwa mwendo huo aweza kupitisha madaftari ya idara nzima asitambue ni lipi lililoandikwa na mwalimu ambaye fikira zake zi pamoja na wanafunzi wake, na ni lipi lililoandikwa kwa ajili ya kumridhisha mkaguzi, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora. Ujazaji wa visanduku ni adabu ya kazi, nami siudharau. Walakini ubora wa andalio haukai humo. Andalio la juma la somo la lugha ni ahadi ya jambo mahususi ambalo mwanafunzi hakuliweza Jumatatu naye ataliweza Ijumaa, na kila kipindi kilichomo baina ya siku hizo mbili kina haki ya kuwapo kwa kadiri tu kinavyoisogeza ahadi hiyo.

Kwa hiyo mjuzi huanzia chini. Katika sura ya andalio iliyozoeleka Tanzania, baada ya hatua zenyewe, yaani utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, huja mahali pa tathmini ya mwanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Mwalimu aliyeandika hapo kwa majuma matatu mfululizo kwamba somo lilieleweka vizuri hakutueleza neno, maana hakuna darasa la watu hamsini ambalo wote humo huelewa kwa kiasi kilekile siku zote. Bali yule aliyeandika kwamba wa safu ya nyuma walisimulia mambo ya jana kwa wakati uliopo, na kwamba kipindi cha Jumatano kitaanzia kwao, huyo ametuonyesha kwamba alikuwa akitazama, na kwamba alichokiona kimebadili alichokusudia. Kadhalika litazamwe jedwali la mahudhurio, lenye nafasi za wavulana na wasichana walioandikishwa na waliohudhuria: ikiwa hesabu ya waliohudhuria Ijumaa imekwisha kuandikwa siku ya Jumatatu, basi hata tathmini iliyo chini yake ilitungwa kabla ya somo, na msomaji hana sababu ya kuitegemea.

Baada ya tathmini litafutwe lengo la juma, nalo lina uzito kuliko yote mengine, kama anunuaye jahazi atazamavyo mkuku kabla ya kulisifu tanga. Chukua mada ya kidato cha kwanza ya kusimulia matukio yaliyopita. Mwalimu mmoja huigawa hivi: Jumatatu vitenzi vinavyofuata kanuni, Jumanne vitenzi visivyofuata kanuni, Jumatano ukanushi, Alhamisi maswali, Ijumaa zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mpango huu una nidhamu, na msomaji mwenye haraka ataupenda. Ila ukiuliza mwanafunzi atakapotoka darasani Ijumaa ataweza kufanya nini kwa kinywa chake mwenyewe, hupati jibu, kwa kuwa kila siku imesimama peke yake na haidaiwi chochote na siku iliyo mbele yake. Mwalimu wa pili ameiandika Ijumaa kwanza: kila mwanafunzi ataandika aya ya sentensi nane juu ya safari, msiba au sherehe aliyoishuhudia nyumbani kwao, atamsomea mwenzake, na mwenzake atamwuliza maswali mawili yanayohusu alichokisikia. Kisha akarudi nyuma siku kwa siku. Ili Ijumaa iwezekane, Alhamisi sharti watunge maswali na kuyajibu. Ili maswali yawe na la kuuliza, Jumatano sharti wasikilize kisa kifupi cha mwalimu na kuyapanga upya matukio yake. Jumanne wanashika vitenzi kumi na viwili, si zaidi, ambavyo visa vya nyumbani haviwezi kusimuliwa bila ya hivyo. Na Jumatatu wanasimulia kwa Kiingereza walicho nacho, kikiwa kibovu au kizuri, ili mwalimu ajue pengo liko wapi. Sarufi ya walimu hawa wawili ni ileile, na huenda hata rejea zao ni zilezile, lakini kwa mwalimu wa pili sarufi imepewa kazi ya kufanya. Ralph Tyler, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya misingi ya mitaala, alilitanguliza swali la madhumuni kabla ya maswali ya mazoezi, mpangilio na tathmini, na sioni kwamba miaka iliyopita tangu hapo imelipunguzia swali hilo haki yake ya kutangulia.

Mintarafu ya vitenzi vya lengo, nitasema kwa ufupi, kwa sababu vyuo vya ualimu vimelisisitiza jambo hili vya kutosha tangu Benjamin Bloom na wenzake watoe uainishaji wao mwaka 1956. Kuelewa na kujua ni mambo ya moyoni yasiyoshuhudiwa na mtu. Kusimulia, kuuliza, kulinganisha na kurekebisha huonekana na kusikika. Hata hivyo msomaji asihadaike na orodha ya vitenzi vizuri ambavyo havikupewa cha kutenda: mwanafunzi ataweza kuchanganua, imeandikwa, wala haikusemwa atachanganua nini, kwa muda gani, na nani atakayemsikia.

Hapa ndipo hesabu inapohitajiwa, na ningependa kila mkuu wa idara aifanye kwa kalamu. Kipindi ni dakika 40. Katika darasa la wanafunzi 50, mwalimu akinyamaza kimya tangu kengele ya kwanza hadi ya pili, na wanafunzi wakapokezana kusema bila ya kupoteza hata nukta moja, kila mmoja atapata sekunde 48. Sasa mwalimu hanyamazi, na madarasa mengi yamepita hamsini, basi itafahamika kwamba mwanafunzi aweza kumaliza juma zima la somo la Kiingereza bila ya kutamka sentensi moja kamili ya Kiingereza iliyo yake. Kwa hiyo isomwe safu ya kazi za mwanafunzi peke yake, safu ya kazi za mwalimu ikifunikwa kwa karatasi. Ikiwa katika siku tano maneno yaliyomo ni kusikiliza, kujibu maswali na kuandika nukuu, andalio hilo limempangia mwalimu kazi na kumsahau mwanafunzi. Wakigawanywa wawili wawili kwa dakika kumi tu, kila mmoja hupata dakika tano za kusema, nazo ni zaidi ya mara sita ya zile sekunde. Bora zaidi ni andalio linaloeleza jozi zitaundwaje katika chumba ambacho madawati yamebanana hata mwalimu hawezi kupita: wa safu ya mbele watageuka, wa nyuma watabaki walivyo, na kiranja atashika saa. Wako wanaoyaona maelezo haya kuwa madogo mno kuandikwa, nami nayaona kuwa ushahidi mkubwa kupita aya nzima ya malengo, kwa kuwa hayawezi kuandikwa ila na mtu aliyekiona chumba hicho katika fikira zake usiku uliotangulia.

Yafaa pia tukumbuke mwanafunzi huyu ametoka wapi. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania amesoma kwa Kiswahili, na tangu siku aingiapo kidato cha kwanza karibu masomo yake yote hugeuka kuwa kwa Kiingereza, kiasi kwamba somo la Kiingereza limebeba, pamoja na mzigo wake, sehemu ya mzigo wa Jiografia, Baiolojia na Historia. Andalio lililo bora kwa hakika hulijua jambo hili. Mwalimu amemwuliza jirani yake wa Jiografia anafundisha nini juma hilo, akachukua aya moja ya usomaji wa ramani ikawa ndiyo kifungu cha ufahamu cha Jumanne, na maelekezo ya njia ambayo wanafunzi walikuwa wajifunze kwa mji wa kubuni wakajifunza kwa ramani ya kata yao.

Fauka ya hayo, andalio la mwalimu anayewajua wanafunzi wake hutaja makosa kabla hayajatokea. Lugha yetu haitofautishi mume na mke katika nafsi ya tatu, basi he na she humchanganya hata mwanafunzi hodari. -Li- yetu moja huvitosha vitenzi vyote, basi kwamba go ligeuke went ni jambo geni kwake. -Ni yetu ya mahali huzibeba pamoja kazi za in, on na at. Na hizo a na the hazina mwenzao kwetu wa kuzisaidia. Andalio lisilotaja hata kosa moja linalotarajiwa, wala halikusema litakapotokea lishughulikiwe vipi, laweza kuwa liliandikwa kwa ajili ya mtoto wa taifa lolote. Nikikuta pembeni mwa hatua ya maarifa mapya pameandikwa kwamba watasema he kwa mama zao, kwa hiyo picha ya familia ianzie kwa bibi, najua mikononi mwangu mna kazi ya ustadi.

Msamiati hauna haja ya maneno mengi. Michael West alipochapisha mwaka 1953 orodha yake ya maneno ya matumizi ya jumla, yapata 2,000, alithibitisha kwamba mwalimu ana wajibu wa kuchagua; basi maneno manane yaliyochaguliwa kwa sababu, yakafundishwa Jumatatu, yakatumiwa tena Jumatano na kuandikwa katika utungo wa Ijumaa, yanashinda maneno thelathini yaliyonakiliwa ubaoni siku moja. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus juu ya kumbukumbu, yaliyochapishwa mwaka 1885, imekuwa bayana kwamba tunachokisoma hupotea upesi kisiporudiwa, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku yana nguvu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Msomaji na atafute marudio hayo kwa kidole chake.

Fasihi ndiyo inayowafichua walimu kuliko mada nyingine yoyote. Tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, imekuwa miongoni mwa vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, nayo imegawanywa na mwandishi mwenyewe katika nyakati tatu, asubuhi, adhuhuri na usiku, mgawanyo ambao peke yake unampa mwalimu majuma matatu yaliyokwisha kupangika. Andalio dhaifu halina habari ya zawadi hiyo. Limeandika Jumatatu dhamira, Jumanne wahusika, Jumatano mandhari, Alhamisi mtindo, na rejea yake ni kitabu cha uchambuzi. Wanafunzi wanapewa dhamira za kitabu ambacho hawajakifungua, wazikariri kwa ajili ya mtihani wa Novemba, na aghalabu hawatakifungua kamwe. Andalio bora hutaja kurasa. Linasema Jumatatu watasoma kwa sauti mahali ambapo Lakunle, mwalimu wa kijiji, anamshika Sidi ndoo yake ya maji na kumhutubia. Linasema nani atasoma Lakunle na nani atasoma Sidi. Na linauliza maswali ambayo jibu lake halimo katika kitabu cha uchambuzi: mbona mtu huyu anayekataa kutoa mahari kwa hoja ya ustaarabu anasema kwa maneno mazito yasiyomwingia msichana, na Sidi anamshinda kwa maneno gani mepesi? Swali hilo ni la fasihi na la lugha kwa pamoja, na kwa vijana ambao mahari si hadithi kwao, mjadala utawaka wenyewe. Na ikiwa shule ina nakala saba kwa wanafunzi hamsini, jambo lililo la kawaida mno, andalio liseme nakala hizo saba zitakwenda wapi, kwa maana andalio linalodhani kila mtu ana kitabu limekwisha kuvunjika kabla ya kengele.

Jambo moja husahauliwa hata na wakaguzi wazoefu, nalo ni insafu ya mwalimu kwa nafsi yake. Insha ya ukurasa mmoja haisahihishwi vyema kwa chini ya dakika tatu. Insha 50 ni dakika 150, na mwenye mikondo mitatu ana saa saba na nusu za kusahihisha nje ya vipindi vyake vyote. Andalio lililoweka insha kwa mikondo yote mitatu siku ya Alhamisi, na kuahidi kuzirudisha Ijumaa, halisemi kweli, na mwisho wake ni alama ya vema iliyopigwa chini ya ukurasa usiosomwa. Mwalimu mwenye busara hupishanisha mikondo, au hutangaza kwamba juma hili atasahihisha wakati wa vitenzi tu na yaliyobaki yatasahihishwa na wenzao kwa mwongozo ulioandikwa ubaoni, na kwa kulitangaza hilo hapungukiwi na kitu.

Usafi wa daftari usimhadae mtu. Maazimio na maandalio yaliyo tayari hupita siku hizi kutoka simu hadi simu, yamepigwa chapa kwa uzuri, na mengine yana zana ambazo shule husika haijapata kuwa nazo. Sisemi mtu asisome kazi ya mwenzake, maana ufundi wote huanza kwa kuiga. Nasema litafutwe badiliko. Mstari uliokatwa Jumanne usiku, mshale unaohamisha zoezi la Alhamisi hadi Jumatatu ijayo, neno la penseli kwamba mvua ilikula nusu ya kipindi: hayo yote ni thamani, na mkuu wa shule anayemrudishia mwalimu daftari ili aliandike upya kwa usafi anaiangamiza hati iliyo bora kuliko zote alizo nazo ofisini.

Akisha kusoma hivyo, msomaji na aombe, kwa heshima na mbele ya mwalimu mwenyewe, daftari za wanafunzi watatu, mmoja hodari, mmoja wa wastani na mmoja anayesuasua, za juma hilohilo. Ya hodari aiweke kando, kwani huyo angeliandika vyema hata kwa andalio baya. Aifungue ya anayesuasua, aitafute sentensi ya Jumatatu iliyokosewa, kisha aitafute sentensi ya namna ileile katika kazi ya Ijumaa. Na akiikuta imenyooka, hata kama zile nyingine zote zinayumba, amwulize mwalimu ni kipindi gani kilichoinyoosha. Mwalimu akiweza kumwonyesha pale katika andalio, kwa kidole, bila ya kusita, andalio hilo litiwe sahihi.