Neno moja la Kilatini katika Misa ya Kiingereza

Fratri anayejua Kilatini akifungua kitabu cha Kiingereza, mara anafurahi, kwa sababu pahali pote anakuta maneno ya shina analolifahamu. Ajihazari. Neno linaweza kuchunga sura ya mzee wake, lakini likapoteza moyo wake.

Tutwae praevenire: prae, mbele, venire, kuja. Ni kutangulia. Kutoka humo Waingereza walipata «prevent». Katika Biblia yao ya mwaka 1611, pale Paulo Mtakatifu anapowaandikia Watesalonika (1 Tes. 4, 15) kwamba sisi wazima hatutawatangulia waliolala, walitia neno hilo. Leo maana yake ni kuzuia tu. Msomaji asiyeonywa atazani kwamba habari ni ya wazima kuwazuilia wafu njia! Na maana iligeuka namna gani? Anayekutangulia penye njia nyembamba anaweza pia kukufungia njia. Kifransa kilishika njia yake: «prévenir» ni kuzuia vilevile, lakini mara nyingi ni kumwarifu mtu mbele ya jambo.

Kiisha tutazame Kitabu cha Misa cha Kiingereza kilichoanza kutumiwa mwaka 2011. Maagizo ya Roma ya mwaka 2001, Liturgiam authenticam, yaliwataka wafasiri wafuate Kilatini karibu sana. Sala ya Alhamisi inayofuata Jumatano ya Majivu inamwomba Bwana ayatangulie matendo yetu: praeveni. Hapo walitia «prompt», neno la shina lingine la Kilatini, lakini lililo hai midomoni mwa watu: kumwamsha mtu aanze kutenda. Vizuri kabisa! Waliacha shina, wakapata maana.

Lakini siku ya 8 Desemba, sikukuu ya Maria Mkingiwa dhambi ya asili, sala juu ya dhabihu inataja neema iliyomtangulia, na wao wameandika «prevenient». Walishika shina, na mkristu wa kawaida aliye katika kanisa hasikii kitu. Najua jibu lao: ni neno la wateolojia, tena Mtaguso wa Trento ulilitumia mwaka 1547 kwa kufundisha kwamba neema ya Mungu inamfikia mwenye zambi pasipo stahili yoyote yake. Ni kweli, lakini sala si darasa. (Ajabu ni kwamba katika sikukuu ile maana zote mbili zinakutana: neema iliyotangulia ndiyo iliyozuia doa. Ila hiyo si kazi ya mfasiri.)

Hatari kwetu ni kuwaiga, na kuleta mbele ya waamini neno gumu kwa sababu tu tulilisoma katika Kilatini. Katekista akisema «neema ilimtangulia», bibi mzee anafahamu mara moja. Yeye mwenyewe anatangulia kisimani alfajiri, ili wajukuu wakiamka wakute maji.