Gitaa Lenye Tumbo Halikushindwa kwa Sauti

Kaa na wapiga gitaa, iwe Tukuyu mjini au Dar, uwaulize kwa nini yale magitaa makubwa ya jazz, yenye matundu mawili ya herufi f usoni, yamepungua sana mikononi mwa mafundi duniani. Utapata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia yamepitwa na wakati, teknolojia imesonga. Wa pili atashusha pumzi na kusema watu wa siku hizi hawajui sauti nzuri. Makala hii inayapinga majibu yote mawili, kwa sababu kuna fundi seremala pale Rungwe ambaye siku moja ataamua kutengeneza gitaa, na akiliamini jibu lolote kati ya hayo atapoteza mbao na muda wake.

Tuanze na fizikia kidogo, na hakuna haja ya kuogopa. Uzi wa gitaa peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa. Ufunge kwenye nguzo ya zege, uuvute, uuachie: utasikia kidogo tu. Kwenye gitaa lenye tumbo, yaani lililo wazi ndani, uzi hutikisa daraja, daraja likatikisa uso wa mbao, na uso huo mpana ukasukuma hewa ya kutosha kufika masikioni. Hewa iliyo ndani nayo hupumua kupitia matundu, kwa kanuni ile ile inayofanya chupa tupu ya soda ilie ukiipuliza mdomoni. Wagogo wa Dodoma wanaifanyia kazi kanuni hiyo kwenye zeze: kile kibuyu si pambo, ndicho spika.

Sasa tazama historia. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa modeli ya L-5, yenye uso uliochongwa ukapinda kama wa fidla, pamoja na yale matundu ya f. Shida iliyokuwa inatatuliwa ilikuwa moja: gitaa lilikuwa halisikiki katikati ya tarumbeta na ngoma. Mwaka 1936 ikaja ES-150, gitaa la aina hiyo hiyo lakini lenye pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya inayogeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme. Charlie Christian alilitumia, na dunia ikajua kwamba gitaa linaweza kupiga solo kama saksafoni.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tumbo lilitengenezwa ili gitaa lisikike bila umeme. Umeme ulipoingia, kazi kuu ya tumbo ikachukuliwa na spika. Mbaya zaidi, lile tumbo likageuka kuwa sikio. Sauti ya spika inautikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, pikapu inapeleka mtikisiko huo kwenye amplifaya, spika inautoa kwa nguvu zaidi, na mzunguko unaanza upya. Kama kila mzunguko unaongeza nguvu kuliko inayopotea, unapata ule mluzi unaoujua kutoka kwenye maiki za sherehe. Kadiri ukumbi unavyokuwa mkubwa na spika zinavyofunguliwa, ndivyo hali inavyozidi.

Dawa yake ilikuwa kuliziba tumbo. Les Paul alijaribu mapema miaka ya 1940 kwa kuweka gogo katikati ya gitaa. Fender wakaanza kuuza gitaa la ubao mtupu mwaka 1950, na Gibson wakafuata na la kwao mwaka 1952. Mwaka 1958 yakaja mapatano: ES-335, lenye mabawa yaliyo wazi na gogo la mti wa mepo katikati.

Kwa hiyo jibu la kwanza halisimami. Gitaa lenye tumbo halikuwa baya, lilihama mazingira. Lilibuniwa kwa ukumbi usio na spika, likapelekwa kwenye ukumbi wenye spika nyingi, halafu tukalilaumu kwa kupiga mluzi.

Jibu la pili nalo lina tatizo, kwa sababu linasahau hesabu ya karakana. Uso wa kuchonga huanza kama ubao mnene wa msprusi wa karibu sentimita 2.5, ukakwanguliwa hadi ubaki milimita chache tu, huku fundi akiugonga na kuusikiliza. Sehemu kubwa ya ubao huo inaishia kuwa takataka sakafuni. Gitaa la gogo unalikata kwa umbo, unatoboa nafasi ya pikapu, unafunga shingo. Gibson wenyewe walishatafuta njia ya mkato: ES-175 ya mwaka 1949 ilikuwa na uso wa plaiwudi iliyokandamizwa, na jina lake lilitokana na bei, dola 175. Kiwanda chao cha Kalamazoo kilifungwa mwaka 1984, na baadhi ya wafanyakazi wakaanzisha kampuni ya Heritage katika majengo yale yale mwaka uliofuata. Kiwanda cha Memphis, kilichokuwa kikitengeneza familia ya ES, nacho kilifungwa mwaka 2019. Masikio ya watu yana sehemu yake, lakini saa za fundi zina sehemu kubwa zaidi.

Je, kuna kilichopotea kweli? Kipo, na hapa nahukumu kwa sikio. Kwenye gitaa lenye tumbo, nguvu ya uzi huliwa haraka na uso, kwa hiyo noti inatoka kwa kishindo na kufa mapema. Kwenye gogo noti inakaa. Bendi zetu zilizojiita Jazz, kuanzia Dar es Salaam Jazz ya 1932 na Morogoro Jazz ya 1944 hadi NUTA Jazz ya 1964, hazikupiga jazz ya Marekani. Zilipiga dansi, na dansi letu lilikuja kujengwa juu ya magitaa yanayopokezana maneno. Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji noti fupi, kila mmoja amalize ili mwenzake aingie. Ni kweli mpigaji hodari anaweza kuzima noti kwa kiganja kwenye gitaa la gogo. Ila hapo mkono unafanya kazi iliyokuwa inafanywa na mbao.

Sasa turudi Rungwe. Wapenzi wa mambo ya asili husema, tuna mbao, tuchonge. Taratibu jamani. Mpingo unasifiwa duniani kote, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini. Unafaa klarineti na ubao wa vidole, uso wa gitaa hapana. Uso unataka mti mwepesi lakini mkakamavu. Paina ya mashamba kama lile la Kiwira ni nyepesi, lakini hukua haraka na pete zake ni pana, kwa hiyo ukakamavu wake hubadilika kutoka ubao hadi ubao. Itabidi kuchagua ubao mmoja mmoja.

Halafu kuna mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao hunywa unyevu na kutanuka, zaidi sana kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzinyuzi zake. Gitaa lililochongwa na kugundishwa kwenye unyevu wa Tukuyu, likipelekwa kwenye ukavu wa Dodoma, uso utasinyaa wakati kingo zimeushika, na utapasuka. Plaiwudi ya ES-175, inayodharauliwa na wapenzi wa kuchonga, ina tabaka zinazokingama na kuzuiana zisitanuke. Inapunguza sauti kidogo, lakini inadumu. Kwa Rungwe, hiyo si njia ya mkato, ni uhandisi mzuri.

Hukumu yangu ni hii. Kwa bendi inayopiga ukumbini na spika kubwa, fundi atengeneze gitaa la gogo na asione aibu. Lakini kwa kwaya inayofanya mazoezi jioni umeme ukiwa umekatika, gitaa la gogo ni ubao wenye nyuzi. Hapo tumbo bado lina kazi ile ile ya mwaka 1922. Kabla ya kushika randa, fundi aulize kwanza gitaa litapigiwa wapi. Ni swali hilo lililobadilika Marekani likaua gitaa lenye tumbo, na kwa sehemu kubwa ya Rungwe bado halijabadilika.