Wiki 12 Kabla ya Kiapo

Tarehe 10 Mei 2021 Rais Salva Kiir alitoa amri ya kuteua wabunge 550 wa Bunge la Mpito la Sudan Kusini. Waliapa Jumatatu, tarehe 2 Agosti. Hesabu siku zilizo katikati: ni 84, wiki 12 kamili. Aliyefuatilia habari za korona mwaka ule anaijua namba hiyo. Dozi ya kwanza na ya pili ya AstraZeneca, chanjo iliyokuwa Juba wakati huo, zilitakiwa kuachana kwa wiki 8 hadi 12. Mbunge aliyechanjwa siku jina lake lilipotangazwa angepata dozi ya pili tarehe 5 Julai, na bado angebakiwa na wiki nne za kujenga kinga kabla ya kushika kitabu na kuapa.

Chanjo yenyewe ilikuwapo. Tarehe 25 Machi 2021 uwanja wa ndege wa Juba ulipokea dozi 132,000 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Tukichukua mabunge yote mawili, yaani hao 550 pamoja na wajumbe 100 wa Baraza la Majimbo, dozi mbili kwa kila mmoja ni 1,300. Hiyo ni asilimia moja tu ya shehena nzima. Kilichotokea ni kwamba dozi 72,000 zilirudishwa na kupelekwa Kenya, kwa hofu kuwa zingeisha muda kabla hazijatumika. Watu hawakujitokeza. Waliogopa uvumi, na wengi hawakuona mkubwa yeyote wanayemwamini akichanjwa. Kiongozi wa kijiji huko Yei au Bor akimwona mbunge wake akikunja mkono wa shati hadharani, mjadala wa chanjo kijijini kwake huchukua sura nyingine. Naamini hapa ndipo tulipopoteza zaidi, kuliko hata ndani ya ukumbi wa kiapo.

Kwa nini bunge lenyewe lilichelewa hadi Mei 2021? Serikali ya mpito iliundwa tarehe 22 Februari 2020, na mgonjwa wa kwanza wa korona akathibitishwa tarehe 5 Aprili, wiki sita baadaye. Ni rahisi basi kuusingizia ugonjwa. Lakini tarehe zinasema vingine. Magavana wa majimbo manane waliteuliwa mwishoni mwa Juni 2020, korona ikiwa imepamba moto, na gavana wa Upper Nile akasubiriwa hadi Januari 2021 kwa sababu serikali na upinzani hazikukubaliana juu ya jina. Kilichokwamisha bunge ni mgao wa viti, na tusipouelewa mgao hatutaelewa jinsi kiapo kilivyopangwa.

Makubaliano ya Amani ya Septemba 2018 yaliweka viti 550: upande wa serikali 332, upinzani wa SPLM-IO wa Riek Machar 128, muungano wa vyama vya upinzani wa SSOA 50, vyama vingine 30, na kundi la waliowahi kuwekwa kizuizini 10. Bunge lililotangulia lilikuwa na watu 400. Namba hiyo mpya ilipatikana mezani, kwa kuongeza viti hadi kila mwenye bunduki au jina atosheke. Ukumbi na hewa havikuwa sehemu ya hesabu hiyo, na mwaka 2018 hapakuwa na sababu ya kuviingiza. Mwaka 2021 sababu ilikuwapo, ila mkataba haukufunguliwa tena. Kumpunguza mtu mmoja upande huu kungemaanisha kumpunguza mwingine upande ule, na mazungumzo yangeanza upya.

Kwa hiyo siku ya kiapo wabunge karibu 600 wa mabunge yote mawili waliapishwa na Jaji Mkuu Chan Reec Madut katika ukumbi wa Freedom Hall. Chukua kipimo cha kawaida cha mita moja na nusu kati ya mtu na mtu. Kila kiti kinahitaji mita za mraba 2.25, na watu 600 wanahitaji mita za mraba 1,350 za viti pekee, kabla hujaweka njia za kupita, walinzi, wanahabari, mabalozi na ndugu. Hata wote wakivaa barakoa na kunawa mlangoni, mkusanyiko wa aina hiyo unakuwa na kasoro tangu kwenye karatasi ya mpango.

Na Juba ilikuwa imeshaonja matokeo ya vikao. Mei 2020 Kikosi Kazi cha Taifa cha kupambana na korona, chombo kilichokuwa kikitufundisha sisi wengine kukaa mbalimbali, kilipatwa na ugonjwa wenyewe. Riek Machar na mkewe Angelina Teny, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, walithibitika kuambukizwa, na waziri wa habari Michael Makuei pia, pamoja na sehemu kubwa ya wajumbe wenzao. Rais alikivunja kikosi hicho na kuunda kingine chini ya Makamu wa Rais Hussein Abdelbagi. Wale walikuwa watu wachache tu, na walikuwa wakikutana mara kwa mara katika vyumba vilevile. Hilo la kurudia ndilo lenye uzito kwa bunge, kwa kuwa kiapo ni saa chache, lakini kamati hukaa wiki baada ya wiki.

Je, palikuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na haikuwa mbali. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge la 11 la Uganda lilikuwa na wabunge 529 wa kuapishwa. Walipangwa kwa alfabeti, wakaapa kwa makundi kwa siku nne, kuanzia tarehe 17 hadi 20. Uchaguzi wa spika, ambao lazima wote wawe pamoja, ulihamishiwa uwanja wa Kololo tarehe 24, mahali pa wazi, na Jacob Oulanyah akamshinda Rebecca Kadaga kwa kura 310 dhidi ya 197. Mtaalamu wa shughuli za bunge atakuonyesha siri ya mpango ule: waligawanya tendo linalogawanyika na kulitoa nje lile lisilogawanyika. Kiapo ni cha mtu mmoja mmoja. Hakuna kifungu cha mkataba wa amani kinachovunjwa SPLM-IO wakiapa Jumanne na SSOA Jumatano. Juba isingelazimika hata kupiga kura ya spika, kwani mkataba ulishasema kiti hicho kitatoka upande wa serikali. Jemma Nunu Kumba, mwanamke wa kwanza kukikalia, alikuja kwa uteuzi huo.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Kampala ina katiba iliyozoeleka na vyama vinavyojua kuwa wenzao watafika kesho. Kule Juba, pande zilizopigana tangu Desemba 2013 zilihitaji kuonana zikiapa pamoja, saa ileile, mbele ya shahidi mmoja. Kundi la kwanza likiapa na la pili likicheleweshwa kwa simu moja kutoka juu, nani angeamini? Walioketi bega kwa bega siku ile walikuwa wanalinda kitu halisi. Hata hivyo hoja hiyo inahusu siku moja tu. Haielezi kwa nini wiki 12 zilizotangulia hazikutumika.

Dodoma, Tanzania, nayo ilijaribu kwa namna yake. Bunge la bajeti lilipoanza tarehe 31 Machi 2020, Spika Job Ndugai alifupisha saa za kikao, akapunguza idadi ya walioketi ndani ya ukumbi na kuyahamishia maswali kwenye mtandao. Katiba ya Tanzania inataka akidi ya nusu ya wabunge wote, kwa hiyo nafasi ya kupunguza watu ilikuwa finyu. Kenya, ambako akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50 tu, ilikuwa na uhuru mkubwa zaidi. Kwa anayetunga kanuni za bunge, akidi ni suala la afya pia.

Ufunguzi rasmi ulikuja Jumatatu tarehe 30 Agosti, siku 28 baada ya kiapo. Na hapa kuna jambo ambalo sisi wakazi wa Atlabara, mtaa wa Juba, tuliliona kwa macho kuliko hotuba yenyewe. Siku hiyohiyo kundi la kiraia la People's Coalition for Civil Action liliitisha maandamano. Mwanzilishi wake mmoja, gavana wa zamani Kuel Aguer Kuel, alikuwa ameshakamatwa mwanzoni mwa mwezi. Wanajeshi na polisi walijaa barabarani, maduka mengi yalifungwa, na intaneti ikakatika.

Wakati wa ugonjwa, bunge likifunga milango kwa wageni, linadaiwa kufungua masafa. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kikao cha tahadhari: kila kiti unachoondoa kwenye roshani ya wananchi, unakirudisha kupitia redio, televisheni na simu. Siku ile Juba ilibaki na redio na televisheni. Mtaani kwetu televisheni ni ya mwenye jenereta au sola, na ya taifa haifiki kila nyumba. Redio ya betri ndiyo iliyobeba sauti ya rais hadi uani. Kijana mwenye simu, ambaye hana redio wala hajawahi kuitaka, alikosa kabisa siku ya kwanza ya bunge linalotunga sheria za maisha yake. Kwangu hilo ni kosa la kiufundi kubwa sawa na msongamano wa Freedom Hall, kwa sababu lilikata ile njia pekee ambayo ingeruhusu umati ukae nyumbani na bado ushiriki.

Uchaguzi uliosogezwa mara kadhaa sasa umewekwa Desemba 2026. Ukifanyika, kutakuwa na wabunge wapya wa kuapishwa, wa taifa na wa majimbo. Magonjwa nayo hayajaisha: kipindupindu kilichotangazwa Oktoba 2024 kilianzia Renk na kusambaa majimbo mengi. Wanaoandaa ratiba bungeni wanaweza kuanza sasa na karatasi moja. Siku ya kutangazwa kwa majina iwe pia siku ya kwanza ya kliniki ya wabunge, yenye chanjo inayohitajika wakati huo na kipimo, picha zikitumwa kila kaunti. Kiapo kiwe kwa siku tatu au nne chini ya turubai, makundi yote yakiwa na mashahidi wao kila siku ili hofu ya kuchezewa iondoke. Na barua iende kwa kampuni za simu, yenye saini ya spika, ikisema mtandao usizimwe siku bunge linapofunguliwa.