"Wazo Kuu" kwa Mtoto wa Darasa la Tatu

Istilahi zina tabia ya kushuka kutoka kwa wataalamu hadi kwa watoto bila ya mtu kuuliza kama zitaeleweka huko chini. Tunazungumzia hapa "wazo kuu" na mwenzake, "mawazo saidizi", zitumikazo katika kufundisha ufahamu.

Katika shule moja huko Mbagala, wilayani Temeke, tulisikiliza habari fupi ikisomewa darasa la tatu: maji ya kisima yalileta maradhi mtaani, baba mmoja akawahimiza majirani wayachemshe, maradhi yakapungua. Watoto walipoulizwa wazo kuu, mmoja alijibu upesi, "Baba." Akakosolewa, tena kwa ukali. Lakini mtoto yule anamjua mwalimu mkuu na mkuu wa wilaya. Kwake yeye "-kuu" ni cheo, na mwenye cheo katika habari ile ni baba. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko swali aliloulizwa.

Wako watakaotujibu kwamba watoto hao hao wanaijua barabara kuu iendayo Kilwa, na vichochoro vinavyoingia humo. Hoja hiyo ina uzito, ila barabara huonekana kwa macho.

"Saidizi" nayo ina kasoro ya sarufi. Twasema kitenzi kisaidizi. Basi ingetupasa kusema mawazo masaidizi, jambo ambalo hatujaliona likiandikwa na yeyote. Isitoshe, kisima, maradhi na kuchemsha maji si mawazo hata kidogo.

Tunaonelea kwamba kwa watoto neno "kiini" litumike, maana kila aliyewahi kuvunja yai anakijua, na hayo mengine yaitwe "mambo ya kuthibitisha". Kiini kisichanganywe na mada. Mada ya habari ile ni maji, neno moja tu. Kiini hakina budi kuwa sentensi nzima: kuchemsha maji kulipunguza maradhi mtaani. Huko Kinondoni tumemwona mwalimu akiwaambia wanafunzi wafunike sentensi moja moja kwa kidole, kisha waseme kama habari bado inasimama. Hakutaja istilahi yoyote, nasi tulifurahi, ingawa haitupendezi kukiri hivyo katika jarida la istilahi.

Wafasiri na waandishi wa vitabu vya kiada watuandikie maoni yao kuhusu "kiini", hasa wale waliokwisha kulijaribu darasani likawashinda.