Kanzu Isiyopasuka

Wazee wengi wa Kiislamu humkataza kijana kutunga hadithi za kubuni kwa hoja moja tu: huo ni uongo, na Bwana Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali mwenye kusema uongo ili kuchekesha watu. Onyo ni la haki, ila hapa halikuwekwa mahali pake. Mwongo ni yule atakaye usadiki kuwa jambo limetokea na hali halikutokea. Ama mtunzi na msomaji wake wamekwisha kuagana tangu ukurasa wa kwanza. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat 50 juu ya laghai mmoja mwenye ulimi mtamu, na wanavyuoni wakaisomesha kazi hiyo karne kwa karne kwa ajili ya lugha yake.

Nayasema haya kutoka Igalula, kituo cha reli ya kati upande wa mashariki ya Tabora, ambako vijana huniletea madaftari yao kwa kuwa mimi ndiye niliyewasomesha alifu na bee. Karibu kila daftari lina kijana aliyekwenda Dar es Salaam, akapotoka, akapata maradhi, akarudi kufa kwao huku akiomba radhi. Mwandishi mwenyewe hajapata kuiona Dar es Salaam. Penye chakula ameandika "chakula kitamu", penye nyumba ameandika "nyumba ya kifahari", mbio mbio afike kwenye mawaidha, kama mtu anayewahi treni. Asali ya miombo, tumbaku, kituo chenyewe, havimo.

Huwarudisha kwenye Sura Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameisifu kwa uzuri wa kisa chake. Aya zake ni 111, na kanzu imo mara tatu. Mara ya kwanza imepakwa damu ya uongo; mara ya pili imechanwa kwa nyuma, ikawa shahidi wa kijana asiye na shahidi; mara ya tatu imewekwa juu ya uso wa mzee, akaona. Na itazameni hiyo ya kwanza. Ndugu zake Yusuf walikuwa watunzi wabaya. Mbwa mwitu hawakumbuni wao, walimpata katika maneno ya baba yao, aliyesema kuwa anamwogopa mnyama huyo. Kisha, wanasema wafasiri, wakaleta kanzu yenye damu wakasahau kuipasua! Mbwa mwitu gani huyo mpole, amle mtoto na kanzu ibaki nzima? Basi madaftari ya Igalula yamejaa kanzu za namna hiyo.

Sasa niseme na nyinyi wa pwani, maana jambo hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita nchi hii ya Unyanyembe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ni maandishi mazuri, makavu, hayana pambo. Frasila za pembe zimehesabiwa, wakubwa wametajwa kwa majina. Anaeleza bila kuficha jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka, naye akarudi kukamata watu vijijini hata akaitwa Kingugwa. Lakini hao waliokamatwa, nani alikuwa nani? Na majumbani mwenu ni hivyo hivyo: babu mwenye msafara anajulikana mpaka nasaba ya saba, na aliyembebea mzigo hatajwi.

Hapa ndipo riwaya inapoweza kuingia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza mwaka 1994 kitabu ambacho Ida Hadjivayanis amekitia katika Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*. Msafara wake umechota katika habari za Selemani bin Mwenye Chande, zilizochapwa na Velten mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Yusuf wa humo ni mtoto wa miaka 12 aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake. Hatuambiwi kuwa tajiri Aziz ni mwovu. Tunaambiwa ananukia vizuri, na kwamba humpa mtoto sarafu. Mimi naona sifa hizo mbili zinatisha kuliko mjeledi. Nguo nayo inachanwa kwa nyuma, na kila aliyesoma chuoni ataitambua. Lakini Yusuf huyu hapewi hazina ya Misri. Mwisho wake anawakimbilia askari wa Wajerumani. Mtunzi angempa cheo, angetufurahisha, na kanzu ingebaki bila kupasuka.

Nina lawama yangu pia. Watu wa bara katika kitabu hicho tunawaona kwa macho ya msafiri: wanatokea njiani, wanadai hongo, wanapigana, wanabaki nyuma. Kulivyokuwa ndani ya nyumba ya mpagazi wa Kinyamwezi usiku wa kuamkia safari, hatukuingizwa.

Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwa watoto wa hapa. Binti mmoja ameianza, kurasa 9. Mpagazi wake anabeba pembe "nzito sana" na "anateseka sana". Nimemrudishia. Nimemwuliza ilikuwa frasila ngapi, ilikaa bega lipi, na bega hilo lilikuwaje mkewe alipoligusa. Amekwenda kwa fundi seremala kuazima gogo.