Utenzi na Sikio la Nyumbani

Tenzi zetu za wasia zimepata lawama mbili kwa wahakiki. Ya kwanza ni kwamba hurudiarudia mawaidha. Ya pili ni kwamba maneno yake ni mepesi mno, wala hayana fumbo la kumfikirisha msomaji. Lawama hizi hutolewa aghalabu na watu waliozisoma tenzi kimya, kwa macho, kitabu kikiwa mezani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba tenzi hizo zilitungwa kwa ajili ya sikio, tena sikio la mtu wa nyumbani, na kwamba mhakiki asiyezisikia huzihukumu kwa kosa lisilo lao, huku akiliacha lililo lao.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Huko Uingereza, katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), washairi walikuwa na desturi ya kuwasomea jamaa na rafiki tungo zao. Tarehe 27 Septemba 1855, Alfred Tennyson alisoma shairi lake refu, Maud, nyumbani kwa Robert Browning na mkewe Elizabeth, mjini London. Dante Gabriel Rossetti, mchoraji na mshairi, alikuwapo, akamchora Tennyson akiwa ameketi, kitabu mkononi. Shairi lilikuwa limekwisha kupigwa chapa mwaka huo huo, na wahakiki wengi walikuwa wamelishutumu. Tennyson hakujali, aliendelea kuwasomea wageni wake miaka mingi, kana kwamba sauti yake ni wakili wa kulitetea. Tushike mambo mawili hapa: shairi liliandikwa kwanza, likasomwa baadaye, na msikilizaji alikuwa mgeni, ambaye kazi yake ilikuwa kusikia na kusifu.

Miaka mitatu baada ya kikao kile, yaani mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia utenzi bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Katika mwanzo wa utenzi, mama amwita binti asogee karibu, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayopenda kumwambia. Hapa mpango wa London umegeuka. Sauti yatangulia, maandishi yafuata; na kalamu i mkononi mwa msikilizaji, si mwa mtunzi.

Katika karne ya ishirini, Shaaban Robert (1909–1962) alipita njia hiyo hiyo katika Utenzi wa Hati, aliomtungia bintiye Mwanjaa. Baba naye amtaka binti aketi kitini aandike wasia. Mengi yalikuwa yamebadilika baina ya Pate na Tanga: herufi za Kiarabu zilikuwa zimeanza kuzipisha za Kirumi, na elimu ya shule ilikuwa imeingia majumbani. Lakini kikao hakikubadilika. Mzazi husema, mtoto huandika.

Tukikumbuka kikao hicho, umbo la utenzi lajieleza lenyewe. Mshororo wa mizani nane hutosha kutamkwa mara moja na kushikwa mara moja na mtu anayeandika. Vina vitatu vinavyofanana humwongoza asipotee. Kina cha nne, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, humwarifu kwamba ubeti umetimia. Kurudiwa kwa mawaidha nako si uvivu wa mtunzi. Msomaji akisahau hufunua ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hana ukurasa wa kufunua, kwa hiyo mtunzi humfunulia. Na wepesi wa maneno ni adabu: mzazi aliye taabani hamtegi mwanawe kwa mafumbo.

Hata maandishi yenyewe yaliitegemea sauti. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani pwani, hazikutenga vizuri e na i, wala o na u. Mtu aliyefunua hati ya utenzi asioujua alilazimika kujaribu neno kwa ulimi, akilipima kwa mizani na vina, mpaka likae sawa. Hati ilikuwa msaada wa kumbukumbu, na kumbukumbu ilikuwa ya wengi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuzikwa naye, kwa sababu waliomsikia walibaki nayo. W. E. Taylor aliyakusanya baadaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Kinyume cha hayo, Robert Browning aliposomea mtambo wa kunasia sauti mwaka 1889, alisahau maneno ya shairi lake mwenyewe njiani, akaomba radhi.

Basi mashtaka mawili yameanguka. Lakini sikio si wakili tu. Ni hakimu pia. Niliposoma Utenzi wa Hati nyumbani Myamba, katika milima ya Upare ya Kusini, wasikilizaji wangu walikuwa jamaa waliokaa jikoni kuukimbia ubaridi. Lugha ya nyumba ile ni Chasu. Kiswahili wamekipata shuleni, kanisani na sokoni. Hawana lahaja ya Lamu masikioni wala hawajui istilahi zetu za uhakiki. Nilipomaliza, shangazi yangu aliniuliza: “Mwanangu, na huyo binti, babaye alipokwisha kusema, alijibu nini?”

Nimeufundisha utenzi ule miaka mingi, wala sikupata kuulizwa swali hilo na mwanafunzi hata mmoja. Twawauliza dhamira, nao hutujibu dhamira. Shangazi alisikia sauti ya mtu mmoja katika chumba chenye watu wawili, akamtafuta wa pili.

Swali lake laufaa zaidi utenzi wa Mwana Kupona. Wasomaji wa leo hugombana na mama kwa sababu ya utii mkubwa anaomtaka binti amfanyie mume. Wengine humlaumu, wengine humtetea kwa desturi za zamani zake. Pande zote mbili humtazama mama peke yake. Binti ameitwa, ameketishwa, amepewa wino. Kisha hakupewa hata ubeti mmoja wa kujibu. Nadhani huu ndio upungufu wa kweli wa wasia wetu wa kishairi, na kwa macho hauonekani kwa urahisi, maana ukurasa wote umejaa maneno. Kwa sikio, ukimya wa binti wasikika.

Hata hivyo, haki yatudai tuongeze jambo. Mwishoni Mwana Kupona awataka wanawake wengine nao wausome utenzi wake. Kwa hiyo karatasi ya binti yatoka chumbani na kuingia katika nyumba nyingine, mbele ya masikio mengine yaliyo huru kukubali au kukataa. Utenzi haukuliandika jibu, lakini uliwatafuta wenye kujibu.

Sisemi kwamba kila kinachosikika vizuri ni kizuri. Sauti ya Tennyson iliwateka watu waliokuwa na shaka na shairi lake, na kwetu pia wapo waghani ambao wangeweza kuighani orodha ya madeni tukalia. Kwa sababu hiyo mhakiki asiyatupe macho yake. Asikie kwanza, kisha asome, na pale vitu hivyo viwili vinapopingana ndipo aanze kuandika.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo dogo. Utenzi na usomwe wote kwa sauti kabla ya swali la kwanza kuulizwa, na mwanafunzi aende nao likizo akawasomee watu wa kwao, ambao hawana mtihani wa kufanya. Arudi na maswali yao, nasi tuyaweke pamoja na yetu.