Mind the Gap: picha zimerekebishwa, mkono je?

Hebu mfikirie mtoto mwenye pumu ya ngozi. Vitabu vingi vya udaktari vinasema tafuta wekundu. Sasa tazama watoto wa hapa Arusha: palipowaka panakuwa kama zambarau, kijivu, au peusi zaidi ya pengine. Daktari mwenye haraka hapaoni.

Pengo hilo ndilo lililomsukuma Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari St George's, London, kuandaa kijitabu cha Mind the Gap mwaka 2020 pamoja na Peter Tamony na Margot Turner. Kinapatikana bure mtandaoni, na kinaonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Nakipongeza kweli. Kila anayefundisha udaktari huku kwetu akipakue.

Ila nina neno. Kijitabu kimebadilisha picha, hakijabadilisha zoea la kufundisha kwa picha. Kwa haki, hakikuahidi zaidi ya hapo. Hatari ni sisi kudhani kinatosha.

Mtoto wa jirani yangu kule Sakina alijikuna miezi miwili. Mara tatu alipewa dawa ya fangasi. Aliyemsaidia mwishoni aliuliza swali moja tu: "Usiku nani mwingine anajikuna hapo nyumbani?" Kumbe wote! Ulikuwa upele, ule wa kijidudu kinachojichimbia ndani ya ngozi. Nyumba nzima ikatibiwa kwa pamoja, ndo ukaisha. Picha haiulizi swali kama hilo.

Ukoma nao ni hivyohivyo. Baka lililopauka unaweza kuliita fangasi, mpaka uliguse kwa kipande cha pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, fikiria ukoma mara moja. Dawa zake ni za bure, lakini ukichelewa neva zinaharibika, na vidole vilivyokwisha kupinda dawa hizo hazivinyooshi.

Mafunzo ya namna hii hayako mbali. Pale KCMC, Moshi, kama kilomita 80 toka Arusha, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha matabibu tangu 1992.

Kwa hiyo, kama unasomea udaktari, pakua kijitabu, halafu omba zamu kliniki ya ngozi. Na kama wewe ndiye mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Sema nani mwingine anajikuna nyumbani.